Barua ya Shukrani Iliyomponza Mzee Asante

Benchi ni langu. Naanza na hilo kwa sababu wanaume wa Lizaboni, mtaa wetu hapa Songea, wamelikalia mpaka wanadhani lililetwa na serikali. Mimi ni Zulfa, fundi cherehani, na benchi nililichongesha kwa ajili ya wateja wanaosubiri kupimwa. Baadaye nikaweka pembeni jiko la mkaa na birika la kahawa, nikidhani najiongezea kipato. Kumbe nimejiongezea wabunge. Kuna Bakili, tunamwita Waziri, alikuwa karani wa ghala kwenye shirika la umma. Shirika lilipobinafsishwa akapunguzwa, akabaki na kalamu mbili mfukoni na Kiingereza cha ofisini. Kuna Alfani wa Tunduru, huyo ni Korosho. Msimu wa korosho ananunua korosho, msimu ukiisha anakunywa kahawa yangu na kulalamika kwamba haina tangawizi. Kuna Ramson, au Spana, fundi magari wa Ruhuwiko, ambaye nimemkataza asiguse kitambaa chochote humu ndani. Na kuna Mzee Bartolomeo, ambaye mji mzima unamwita Mzee Asante. Huyo ukimpa kiti anashukuru, ukimnyang'anya anashukuru kwamba ulimwachia muda wote ule.

Sasa Ijumaa, tarehe kumi na tano Mei, mwaka tisini na nane, mzee alikuja na mfuko wa plastiki umejaa makaratasi. Nikamwamkia, nikampa kikombe. Akakipokea, akanywa, akanyamaza.

Hakushukuru.

Tukatazamana. Spana akaacha hata kujifuta mikono.

— Mzee, unaumwa? nikamuuliza.

— Siumwi, binti yangu. Nimeletewa barua ya Benigna. Ililala kwenye sanduku la posta la parokia wiki nzima. Nisomee, miwani yangu imevunjika.

Barua za Mzee Asante husomwa benchini, hiyo ndiyo desturi. Benigna ni binti yake, nesi Uingereza, na karibu sisi sote tulimlea kwa barua. Tunajua alipopata homa ya baridi, tunajua jina la paka wa mwenye nyumba wake. Na sote tulijua habari ya pikapu. Ushirika ulipoacha kukusanya mazao, watu wa Madaba walibaki na mahindi yao na hakuna wa kuyabeba. Benigna akamnunulia baba yake pikapu iliyotumika, ikapakiwa melini, ikafika hadi hapa Songea. Siku ya kwanza kupakia mahindi Madaba, ilipofika kwenye kilima cha kurudi, ikavunjika katikati, ikakaa chini. Hakuumia mtu, Alhamdulillahi. Tangu siku hiyo iko uani kwa Spana, juu ya mawe manne.

Nikafungua barua, nikasoma:

"Baba, shikamoo. Ile pikapu niliinunua kwa kadi ya kukopa ya benki. Sheria ya huku inasema kampuni iliyotoa kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Muuzaji amekataa kurudisha pesa, kwa hiyo nimewadai wao, na walikuwa wanaelekea kukubali. Sasa muuzaji ametoa barua yako. Nakala yake nimeiweka humu. Baba, ulimwandikia nini yule mtu? Tumepewa mpaka Jumatatu tarehe 18 tujibu, la sivyo wanafunga faili. Namba ya faksi ya kazini kwangu nimeiandika chini. Nahitaji na maelezo ya fundi. Mwambie asiiguse chesisi. Wakifunga faili nitalipa deni mwenyewe kila mwezi, na Krismasi siji."

Nikaishia hapo. Benigna alikuwa na miaka minne hajakanyaga Songea. Krismasi hiyo mzee alikuwa ameshaitengea mbuzi, tena mbuzi mwenyewe tunamfahamu.

— Ngoja kwanza, akasema Korosho. Gari kauza nani?

— Mwenye duka la magari, nikamjibu.

— Na anayedaiwa ni nani?

— Kampuni ya kadi.

— Kampuni iliuza gari?

— Haikuuza.

— Iliendesha?

— Haikuendesha.

— Basi inalipa ya nini? Wallahi hapo pana mtego. Mimi nimenunua korosho mbovu miaka kumi na miwili, hakuna hata siku moja aliyenitengenezea pochi alikuja kunifidia!

Waziri akakohoa kidogo. Akikohoa hivyo ujue anataka kutoa hotuba.

— Korosho, wewe ni mtu wa magunia. Kadi siyo pochi. Mwenye kadi anamlipa muuzaji kwanza, halafu Benigna anamlipa mwenye kadi taratibu. Kwa hiyo kampuni nayo ni mnunuzi. Ni kama wamenunua wote wawili.

— Kwa hiyo pikapu ya mzee ni ya watu wawili?

— Kisheria, ndiyo.

— Mzee, umesikia? Watakuja kuchukua nusu yao!

— Nusu ipi? akauliza Spana. Maana pale imeshagawanyika yenyewe. Chesisi, ule mfupa wa chini unaobeba gari zima, imeoza, bwana. Mtu ameziba kutu kwa plasta ya bodi, akapiga rangi nyeusi juu, inang'aa. Mimi nilibonyeza kwa kidole, kikazama. Nilikuwa niichomelee Jumamosi hii, chuma nimeshapata.

— Usithubutu! tukasema sote.

— Benigna aliwahi kueleza ile kutu inatoka wapi, nikawakumbusha. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke.

— Chumvi? Korosho akasimama kabisa. Chumvi hii hii? Barabarani?

— Kwa malori.

— Watu wa Tunduru chumvi tunanunua kwa kijiko, wao wanailisha lami! Basi sishangai tena. Watu wanaounga barabara kama mchuzi wanaweza kulipia gari ambalo hawakuuza. Hawa wana vitu vingi mpaka wanahitaji wa kuwapunguzia.

Nikawaambia waache upuuzi, posta inafunga saa kumi na nusu na hapa ni saa nane imeshapita. Nikatoa ile nakala. Ilikuwa Kiingereza, imepigwa chapa, na chini yake sahihi ya mzee, ile yake yenye mkia mrefu. Nikaanza kuisoma kwa Kiswahili, nikijikokota, maana Kiingereza changu ni cha darasa la saba:

"Ndugu Muuzaji, natoa shukrani zangu nyingi. Gari ni timamu kuanzia taa za mbele hadi bomba la nyuma. Halina kasoro hata moja. Nimeridhika nalo kwa asilimia mia."

Mzee Asante akaweka kikombe chini.

— Mimi sikusema hivyo.

Waziri alikuwa anakagua kucha zake.

— Bakili, akasema mzee, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuambia umwandikie asante. Nilisema, mwambie amefanya vizuri kumuuzia mwanangu, Mungu ambariki. Bomba la nyuma limetoka wapi?

— Mzee wangu, barua ya Kiingereza haiwezi kuwa mstari mmoja. Ingeonekana tupu. Niliijaza kidogo.

— Umeijaza!

— Ndivyo tulivyokuwa tunaandika ghalani! Mzigo ukiingia, unaandika umepokelewa ukiwa kamili, hauna kasoro. Kila barua. Miaka kumi na tisa!

— Hata mzigo wenye kasoro? nikamuuliza.

— Bi Zulfa, ule wenye kasoro ndio ulikuwa unahitaji barua zaidi.

Ningemmwagia kahawa, lakini kahawa inauzwa. Nikamgeukia mzee.

— Na wewe mzee, samahani lakini, nani alikutuma kumshukuru muuza gari? Amelipwa! Kwani alikupa bure?

Mzee akanitazama bila hasira. Ndiyo shida ya huyu mzee, huwezi hata kumgombeza ukashiba.

— Binti yangu, nyumbani kwetu kitu hushukuriwa kabla hakijafunguliwa. Baba yangu akiletewa kapu, anapiga makofi kwanza, anashukuru, ndipo anafunua. Ukifunua kwanza ndipo ushukuru, maana yake unashukuru nyama, humshukuru mtu. Sasa huyu mzungu nilimwona ni mtu. Sikujua atanipa chesisi ya plasta.

Korosho ndiye aliyedakia, na afadhali angenyamaza.

— Dawa ni ndogo. Tuandike kwamba sahihi si yake.

— Ni yangu, akasema mzee.

— Basi ulikuwa na malaria, akasema Spana. Malaria ya kichwani. Mtu mwenye malaria anaweza kushukuru chochote.

— Sikuwa na malaria.

— Tuandike barua ya kutengua shukrani! Waziri akapata uhai tena, kalamu ikatoka mfukoni. "Mimi niliyetajwa hapo juu, natengua shukrani zote nilizotoa awali, na naomba zirudishwe kwa gharama za muuzaji." Tunapiga mhuri wa parokia, wa kata na wa ushirika.

— Ushirika umekufa, nikamwambia.

— Mhuri upo. Ninao mimi.

— Haitoshi, akasema Korosho. Hawa watu watatuma mkaguzi. Nawaambia, atakuja kwa helikopta, atatua pale uwanjani, atauliza, Mzee Asante ni nani? Mji mzima utamwonyesha kidole. Halafu atauliza, kwa nini anaitwa hivyo? Hapo tumekwisha. Inabidi kuanzia leo mji mzima umwite jina jingine.

— Mzee Lawama, akasema Spana.

— Mzee Kasoro!

— Na kila atakayekutana na mkaguzi amtukane kidogo, ili ijulikane sisi huku hatushukurugi mtu.

— Akipewa chai asishukuru!

— Mzee, fanya mazoezi. Bi Zulfa, mpe kahawa. Mzee, pokea, halafu useme, kahawa gani hii?

Mimi, kwa ujinga wangu, nikammiminia kweli. Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akakitazama. Midomo ikamcheza.

— Asante, akasema, na machozi yakamtoka.

Pale ndipo nikaona tumevuka mpaka. Mtu mzima analia kwenye benchi langu kwa sababu ya bomba la nyuma, na sisi tunafanya mchezo. Nikawaambia wafunge midomo, kila mmoja, kuanzia Tunduru.

— Siwezi kusema uongo kwa ile kampuni, akasema mzee, akijifuta kwa mgongo wa mkono. Haijanikosea kitu. Imekubali kumsikiliza mwanangu, wakati yuko peke yake kule. Mimi hata hiyo nilitaka kuishukuru.

— Usiishukuru! Waziri akapiga kelele.

Hapo ndipo alipoingia mwalimu Verediana. Ni mwalimu wa Kiingereza, amehamishiwa hapa kutoka Bukoba mwezi wa kwanza, alikuwa amefuata sketi yake. Akamwamkia mzee shikamoo, akaona uso ule, akasahau sketi. Nikamweleza yote, haraka haraka, kadi, chumvi, plasta, barua. Akaomba aione ile nakala. Akaisoma mara moja tu, amesimama.

— Mzee, samahani, akauliza. Barua hii iliandikwa tarehe tatu Machi. Gari lilifika Songea lini?

— Jumamosi, mwanangu. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi, niliifunga matawi kwenye kioo twende nayo kanisani.

— Matawi ilikuwa tarehe tano Aprili.

— Ndiyo.

— Kwa hiyo siku unaandika, gari lilikuwa wapi?

— Lilikuwa baharini. Nilipata simu ya maandishi kutoka kwa wakala kwamba meli imeshaondoka. Nikafurahi, nikaja hapa kumwomba Bakili aniandikie asante.

— Ulikuwa hujaliona.

— Zulfa nimeshamwambia, mwanangu. Kabla hakijafunguliwa.

Verediana akatutazama mmoja mmoja. Spana, fundi mzima, mdomo wazi. Waziri amekwama na kalamu hewani. Saa nzima tumejadili helikopta, na hakuna aliyeangalia tarehe!

— Una karatasi yoyote ya siku ulipokabidhiwa? akauliza mwalimu.

Mzee akamwaga mfuko wake wote kwenye meza yangu ya kukatia. Vyeti vya ubatizo, risiti za mbolea, karatasi ya kupima macho. Katikati ya hivyo, hati ya makabidhiano yenye mhuri: tarehe nne Aprili. Huyu mzee hatupi kitu, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa tabia hiyo, maana zamani nilikuwa naicheka.

Basi kazi ikaanza. Nilifagia vitambaa pembeni, mwalimu akakaa kwenye kiti changu cha cherehani. Spana akasema maelezo ya chesisi, na nikiri kwamba nilishangaa. Akiongelea chuma hana utani hata chembe. Alitaja urefu wa ufa, mahali plasta ilipoanza, na kwamba kutu ile ni ya miaka, haiwezi kuota kwa mwezi mmoja hata ukiiloweka. Mwalimu akayaweka kwenye Kiingereza chembamba kisicho na mapambo. Waziri alijaribu kuongeza "kwa heshima na taadhima", akaangaliwa, akanyamaza. Lakini alikimbia mwenyewe kwenda kutoa nakala ya hati, akalipa kwa pesa yake, akarudi anatweta.

— Nisamehe, mzee, akasema alipoikabidhi. Kalamu yangu ndiyo iliyokuponza.

— Asante kwa kukimbia, Bakili.

Ukurasa wa kwanza ukaisha, maelezo ya mzee: niliandika kushukuru kabla sijaliona gari, ndiyo desturi yetu. Ukurasa wa pili, maelezo ya fundi. Hati ikawekwa nyuma yake. Ilikuwa saa kumi kasoro. Mwalimu akanyoosha makaratasi, halafu akauliza, bila nia yoyote mbaya, akitafuta ushahidi tu:

— Na ile barua uliyomwandikia Benigna kumshukuru, nayo ilikuwa tarehe hizo hizo? Angeweza kuitoa, ingesaidia.

Mzee akaanza kurudisha makaratasi yake mfukoni, moja moja.



Nikamtazama Waziri, ambaye huandika za Kiingereza. Akatikisa kichwa. Nikajitazama na mimi, ambaye huandika zile za Kiswahili. Niliandika ya kumshukuru wakala wa bandarini. Niliandika ya dereva aliyeileta kutoka Dar, ya padri aliyeibariki, hata ya mlinzi wa geti la bandari ambaye mzee alisikia tu kwamba alikuwa mkarimu. Kwa Benigna tuliandika kwamba gari limefika, mahindi yapo, na atume viatu vya wajukuu.

— Yule ni mwanangu, akasema mzee hatimaye.

Korosho, mwenye binti wawili Tunduru wanaomtumia mchele, akainamia kikombe chake.

— Mwanangu, akarudia mzee, lakini safari hii hakuwa anatuambia sisi. Nilidhani nani aliyenunua ile gari?

Akaniomba karatasi. Nikampa ile ninayochorea vipimo. Waziri akasogea na kalamu yake.

— Niandike Kiingereza au Kiswahili, mzee?

— Kalamu naitaka. Wewe kaa. Huyu nitamwandikia Kingoni.

Akaandika mwenyewe, bila miwani, pua inakaribia kugusa karatasi, herufi kubwa kubwa. Birika lilikuwa limeisha na mkaa umezimika, na hakuna aliyeniuliza kahawa nyingine. Robo saa nzima wale watu walikaa kimya kwenye benchi langu, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Halafu Spana akampandisha mzee kwenye baiskeli, wakashuka mbio kwenda posta. Karani alikuwa ameshashika komeo la dirisha. Alihesabu kurasa, akasema ya mwisho haionekani kuwa ya kampuni. Mzee akamwambia ndiyo hiyo aitume kwanza.

Sasa mnataka kujua. Jibu la Benigna lilikuja mwezi wa saba, bahasha nene, na mzee akaja nayo benchini kama desturi. Nikaipokea nifungue.

— Hapana, binti yangu, akasema. Nimeshaisoma. Nimenunua miwani.

— Kampuni inasemaje? Waziri akadakia.

— Wamelipa.

— Na Krismasi? nikamuuliza mimi.

— Anakuja.

Korosho akapiga mbinja, Spana akaanza kuhesabu watu kwa yule mbuzi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile bahasha. Ilikuwa na karatasi nne, tano, zimeandikwa pande zote mbili, na mambo ya kampuni hayakuweza kuzidi mstari mmoja.

— Hizo nyingine zinasema nini, mzee?

Mzee Asante akaikunja bahasha polepole, akaitia ndani ya shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo. Akachukua kikombe chake kwa mikono miwili.

— Asante kwa kahawa, Zulfa, akasema.

Na ile barua hadi leo haijasomwa benchini.